Kuni za Tecla

Wahenga walisema akiba haiozi. Maana yake ni kwamba kilichowekwa kwa uangalifu hakimtupi mtu siku ya dhiki. Tecla Chepngeno, mkulima wa chai karibu na Sotik, aliyathibitisha maneno hayo mwaka wa 1997.

Tecla alikuwa na mikaratusi kwenye mteremko wa mawe ambako chai ilikataa kumea. Kwa miaka mitatu aliikata mmoja baada ya mwingine, akaipasua kwa shoka lake mwenyewe na kuzipanga kuni chini ya paa la mabati. Alikusudia kuchomea matofali ya nyumba mpya. Majirani walimcheka hadi mbavu zikawauma.

"Kuni zinalala chini ya mabati, mwenyewe analala chini ya nyasi!" alisema Obure, mchochea moto wa kiwanda cha chai.

Tecla alitia pamba masikioni, akaendelea kupasua.

Mwishoni mwa mwaka ule mvua ilinyesha kana kwamba mbingu zimetoboka. Malori ya kuni kutoka msituni yakakwama njiani, na kuni chache zilizosalia kiwandani zikalowa chepechepe. Asubuhi moja boila ya kiwanda ikatoa moshi mtupu. Majani ya chai ya wakulima wote yalikuwa yamejaa kiwandani. Bila moto wa kuyakausha, yangeharibika kabla ya jua kuchwa.

Asubuhi hiyo Obure alifika kwa Tecla, matope hadi magotini.

"Mama, mimi nilikucheka. Leo nimekuja kuomba."

Tecla alizitazama kuni zake, kavu kama mifupa. Nyumba yake yote ilikuwa pale. Moyo ulimuuma. Lakini majani yale yalikuwa karo na unga wa kijiji kizima.

"Chukueni zote," alisema hatimaye. "Ila msiziburure kwenye matope. Zibebeni mabegani."

Wanaume kwa wanawake walijipanga, wakazibeba hadi kiwandani zikiwa zimefunikwa kwa karatasi za nailoni. Kufikia adhuhuri moto ulinguruma kama simba, na harufu ya chai ikatanda mabondeni. Tecla alisimama kando ya boila, kichwa juu, kama mama wa bibi harusi.

"Kongoi, Mama! Asante sana!" watu walimshangilia.

Mvua ilipokatika, kijiji kizima kilimkatia miti, kikampasulia kuni na kumchomea matofali. Obure ndiye aliyewasha tanuri. Nyumba ikasimama kabla ya mavuno ya mahindi, na tangu hapo hakuna boma kijijini humo lisilo na banda la kuni. Kweli, akiba haiozi.