Kalipa ya Mwalimu Sekela

Haya, sogeeni karibu. Hadithi yangu ina mwanzo na ina katikati, lakini mwisho mtanipa ninyi. Asiyependa ubishi aage sasa hivi, maana nilikoisimulia juzi watu waliondoka wamenuniana.

Palikuwa na wanafunzi watatu wa chuo cha ufundi, huko nyanda za juu kwenye baridi. Tusajigwe alikuwa na kichwa: jambo lisilokuwepo bado, yeye alishaliona. Mbaruku, kijana wa Pangani, alikuwa na mikono, na chuma kilimtii kama unga wa chapati. Ng'washi, binti wa Kisukuma, alikuwa na subira ya kuudhi. Akianza kutafuta kosa haachi, hata umkaripie.

Mwalimu wao wa karakana, Mwalimu Sekela, alikuwa anastaafu. Alikuwa na kalipa, kile chombo cha kupimia unene wa chuma, aliyopewa na mwalimu wake siku naye alipostaafu. Masharti yalikuwa yale yale: unampa mwanafunzi mmoja, nzima, kabla hujaondoka, na anayeipokea ndiye anayebaki karakana kufundisha. Wote watatu waliitaka. Wala hawakujifanya hawaitaki.

Sasa, Mwalimu Sekela alikuwa na deni la maneno. Kila mwaka alipanda mlimani, kwenye shule aliyosomea utotoni, akawaambia watoto: "Lipo gurudumu ambalo likizunguka kwa kasi linakataa kuanguka." Watoto wakacheka. Akachora ubaoni, wakacheka tena. Wale watatu wakasema, mwalimu wetu hatastaafu huku anaonekana mwongo. Mradi wetu wa mwisho utakuwa jairoskopu.

Usiogope jina. Umewahi kucheza pia, ile ya kuzungusha kwa kamba? Basi ni pia iliyofungwa ndani ya pete za chuma. Ikizunguka, hata uitundike kwa kamba upande mmoja, inabaki wima inakutazama tu.

Siku ya kwanza Mbaruku alishawasha mashine ya kukereza. Tusajigwe akaizima.

"Nani atakibeba kifaa hiki mpaka shuleni kwa Mwalimu?" akauliza.

"Kibebwe na nani tena? Na gari!"

"Barabara inaishia chini ya mlima, Mbaruku. Na shuleni hakuna umeme."

Akakaa akachora. Kifaa kienee kwenye mkoba wa vitabu. Kizungushwe kwa kuvuta kamba. Gurudumu liwe zito ukingoni, jepesi katikati. Mbaruku alitaka kulichomelea moja kwa moja, lidumu. Tusajigwe akakataa katakata: litashikwa kwa skrubu moja. "Kitu cha safari lazima kifunguke," alisema. Mbaruku alimcheka kuhusu skrubu hiyo mpaka akachoka.

Kisha zamu ikawa ya Mbaruku. Jamani, yule kijana! Alichukua kipande cha shaba nyeupe iliyochakaa akakikereza mpaka ukiweka uso unajiona. Pete zake ziliingiana bila kukwaruzana. Walipovuta kamba mara ya kwanza, gurudumu lilizunguka kimya, na Ng'washi akapiga vigelegele peke yake.

Hapo ingetosha. Lakini moyo wa shukrani nao una vituko vyake. Mbaruku, bila kumwambia mtu, alilifungua gurudumu akachonga ukingoni, kwa herufi za kina, SEKELA. Alitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

Asubuhi ya safari wakavuta kamba wajaribu mara ya mwisho. Lo! Kifaa kikatetemeka, kikaruka mezani, kikadondoka sakafuni.

"Umefanya nini?" Tusajigwe akafoka, alipoliona jina. "Umetoa chuma upande mmoja! Likereze upya, jina litoke."

"Muda hautoshi," Mbaruku akasema, macho yamemjaa machozi. "Na hata ungetosha, jina lake mimi siliondoi."

Ng'washi alikuwa ameshafungua ile skrubu. Aliliweka gurudumu juu ya kingo za rula mbili za chuma, likajiviringisha taratibu, upande mzito ukaja chini. Ulikuwa upande ulio mkabala na jina.

"Kwa nini tuondoe?" akasema. "Huku kutupu. Na huku tuandike."

Mbaruku alikuwa bado anafuta machozi, haoni vizuri. Ng'washi akashika patasi mwenyewe. Akachonga kidogo, akaliweka kwenye rula. Akachonga, akaliweka. Gari linapiga honi nje, yeye wala. Herufi zake zilikaa mshazari kama zimelewa, lakini alipoinuka gurudumu lilitulia popote ulipoliachia. Alikuwa ameandika ASANTE.

Wakapanda mlima pamoja na Mwalimu, mkoba mgongoni kwa Tusajigwe. Darasani Mwalimu Sekela alivuta kamba, macho yake kwa watoto, akalitundika gurudumu kwa uzi upande mmoja, akaondoa mkono. Halikuanguka! Watoto walisimama juu ya madawati. Mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, kumbe ulikuwa unasema kweli!"

Mwalimu akacheka. Gurudumu likaanza kupunguza kasi, na ule ukingo uliokuwa unang'aa tu ukaanza kuonyesha maandishi. Akainama kuyasoma. Sekela. Asante. Sekela. Asante. Akavua miwani akalia mbele ya darasa zima, na hakuona haya.

Kisha akatoa kalipa kwenye mkoba wake. "Kesho narudisha ufunguo wa karakana. Niambieni, nimpe nani?"

"Mpe Ng'washi," akasema Mbaruku. "Mimi nilikiharibu, yeye akakiokoa. Namshukuru mpaka nakufa."

"Hapana, Mwalimu, mpe Tusajigwe," akasema Ng'washi. "Bila skrubu yake nisingeligusa gurudumu asubuhi ile. Hata huku tusingefika."

Tusajigwe aliitupia jicho mkononi mwa Mwalimu. Alikuwa anaitaka ile kalipa kuliko kitu chochote. "Mpe Mbaruku," akasema. "Mchoro wangu ulikuwa na kila kitu, Mwalimu, ila wewe hukuwemo. Aliyekuweka ni yeye."

Mwalimu Sekela akawatazama mmoja mmoja, kalipa mkononi, hajui ageukie wapi.

Nami naishia hapo hapo. Aliyewaza kabla ya wote, aliyetengeneza akakosea kwa mapenzi, au aliyelipa kosa uzito wake? Usiniambie wagawane, kalipa haikatwi vipande. Wewe unayetabasamu hapo mbele, nyoosha mkono, naiweka kiganjani mwako. Unamkabidhi nani, na wale wawili utawaambia nini?