Kata ya Mama Mwalimu

Mshika kata hunywa mwisho. Maneno haya mliyasikia jana mkutanoni, bibi mmoja mwenye fimbo alipomtupia mwenyekiti wa kamati ya maji, nanyi mkacheka kwa sababu watu wazima walicheka. Leo mnauliza yalitoka wapi. Kaeni vizuri basi, maana hayakuzaliwa na kicheko. Yalizaliwa na kiu, na chanzo chake ni hiki.

Kabla ya bomba kufika, kijiji chetu kilikunywa kutoka katika mto usio na maji. Mnaujua: masika hupita kwa kishindo siku chache, kisha kiangazi chote ni mchanga mtupu. Maji yake hukaa chini. Watu walichimba shimo lenye kina cha kifua cha mtu, wakangoja maji yajichuje yenyewe polepole. Kisima cha namna hiyo hakikubali pupa. Ukikichokora ili kitoe upesi, kuta za mchanga huporomoka na kisima hufa. Kwa hiyo kilizungushiwa miiba, kikawekewa kata moja ya kibuyu ya kuchotea, na baraza la jumbe likamchagua mtu mmoja wa kuishika. Huyo ndiye aliyemchotea kila mmoja, nyumba baada ya nyumba.

Palikuwa na desturi. Kama vile amiminaye pombe huionja kwanza ili wageni wajue haina sumu wala uchawi, mshika kata naye alikunywa kata ya kwanza asubuhi, mbele ya macho ya wote. Ndipo wengine walipotega mitungi.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Mwezi wa kumi na moja ulikwisha bila wingu. Kondoo walisimama mchana kutwa kila mmoja ameficha kichwa chini ya tumbo la mwenzake, na kipande cha reli kilichokuwa kengele ya kanisa hakikugusika kwa mkono mtupu baada ya saa tatu asubuhi. Wanawake walipigana kisimani, kwa maana mshika kata wa wakati ule aliwachotea ndugu zake mara mbili. Baraza likamwondoa.

Jumbe Chilongani akasema, "Hawa wasomaji hutuambia Mungu wao huona hata gizani. Vema. Tumpe kata mmoja wao, tuone kama huona na mchana."

Wasomaji ndilo jina tulilopewa Wakristo siku zile. Aliyechaguliwa ni Yudithi, mjane wa mwalimu wa shule ya misheni, ambaye kila mtu alimwita Mama Mwalimu. Alikuwa mwanamke safi, mkali kwa nafsi yake na kwa wengine, na katika muda wa miaka ishirini hakukosa ibada hata moja. Aliipokea kata kama mtu anayepokea Chakula cha Bwana, kwa mikono miwili.

Lakini nyumbani kwake alikuwa na mjukuu wa miaka minne, jina lake Keziya, aliyeachwa na marehemu binti yake. Mtoto alikuwa akiharisha na kuchemka homa. Mganga wa misheni alipopita alimwambia Yudithi neno moja tu: "Mpe maji safi, kidogo kidogo, usiache. Maji yakikatika, mtoto naye atakatika."

Neno hilo lilimkaa kifuani kama mwiba. Kila alfajiri alikwenda mtoni akihesabu hatua, akiogopa kukuta shimo kavu. Maji yaliyojikusanya usiku yalikuwa meupe, yakitulia. Kufikia adhuhuri yalikuwa mekundu, na wa mwisho katika mstari walichotewa tope. Basi Yudithi alionja kama ilivyo desturi, na siku ya kwanza hakufanya zaidi. Siku ya pili, akiisha kuonja, aliujaza na mtungi wake. Alijiambia, nina mgonjwa. Hakuna aliyenung'unika. Siku ya tatu hakuhitaji tena kujiambia lolote. Alionja, akajaza mtungi, akausimamisha nyuma yake kivulini, kisha akawainamisha wanawake wote vichwa na kumshukuru Mungu kwa sauti kwa jinsi alivyowatosheleza watu wake.

Mambo yakaenda hivyo kwa siku tisa. Siku ya kumi mstari ulikuwa haujaisha, kata ikakwangua mchanga mkavu. Aliyebaki alikuwa Madeje, mwanamke maskini wa upande wa pili wa mto, asiyekuwa msomaji, mwenye ulimi ambao hata jumbe aliuogopa. Alikitazama kibuyu chake kitupu, akautazama mtungi uliojaa nyuma ya Yudithi.

"Mama Mwalimu," akasema, "Mungu wako ni mwepesi kweli. Wewe humpa asante ukiwa umekwisha jaza. Wangu mimi hunisubirisha mpaka nifike chini."

"Nina mtoto mgonjwa, Madeje."

"Najua. Mimi ninao wawili wazima. Labda ningojee waugue."

Akaenda zake, kibuyu kikimgonga kiunoni.

Yudithi alirudi nyumbani na maji yake, akamnywesha Keziya, lakini yeye mwenyewe hakuyagusa. Hakuona haya mbele ya Madeje kwanza. Aliona haya mbele ya sala yake. Alikumbuka alivyowafundisha akina mama darasani juu ya yule mtume aliyejifunza kuridhika, akishiba au akiona njaa, akajiuliza ni lini yeye alikuwa amejifunza neno hilo, maana kuridhika kwake kote kulikuwa ndani ya mtungi uliojaa. Tena aliogopa. Akiacha kujaza kwanza, ni nani angemhakikishia kwamba kitabaki kitu? Alimwangalia mtoto, midomo imepasuka kama udongo wa bwawa, akaogopa zaidi.

Asubuhi alifika mtoni, akaupindua mtungi wake mtupu mchangani, mdomo chini. Akachota kata ya kwanza, akamwelekezea mwanamke wa mbele. Hakuonja.

Mstari wote ukasimama.

"Mbona huonji?" aliuliza Mbeleje, mke wa jumbe, aliyekuwa wa kwanza.

"Leo nitakunywa mwisho."

"Mwisho! Usiku huu umeyatia nini?"

"Tangu jana amegombana na Madeje," sauti ya nyuma ikasema. "Mimi sinywi."

"Wala mimi. Onja, mama, usituchezee."

Yudithi alijua maana ya maneno hayo. Kisima kilichoshukiwa uchawi kilifukiwa, na aliyeshukiwa alifukuzwa, wakati mwingine kwa mawe. Funda moja tu lingetosha kumwokoa. Lakini alijua kwamba akinywa sasa, kesho atajaza tena.

"Sikilizeni," akasema. "Nitakunywa maji ya kisima hiki hiki leo hii, nanyi mkinitazama. Nitakunywa ya chini kabisa, ambako kila kilichotiwa huzama. Asiyeniamini na asinywe mpaka anione. Akae hapa."

Wakatazamana. Mbeleje akakunja uso. "Nitakaa," akasema. "Na wote watakaa. Tutaona."

Basi, wanangu, ndivyo ilivyotokea kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Siku zote aliyejaza alikwenda zake, na hakuna aliyejua aliye nyuma yake alipata nini. Siku hiyo walichotewa mmoja mmoja, wakaketi mchangani na mitungi iliyojaa ambayo hawakuthubutu kuinywa, jua likiwapiga utosini, macho yote shimoni. Waliona maji yakipungua. Waliyaona yakigeuka rangi. Walimwona mwanamke mzee akipewa nusu, kisha jirani yake robo, na kwa mara ya kwanza walijua uzito wa walichokuwa wamebeba. Yudithi hakuwatazama. Alihesabu waliobaki, akahesabu kina cha maji, na hesabu hizo mbili hazikupatana. Nyumbani Keziya alikuwa na masalio ya jana, kikombe kimoja, na asubuhi ilikuwa imekwisha.

Akafika Madeje, wa mwisho kama kawaida. Yudithi akalala kifudifudi ukingoni, akachota taratibu, akapata kibuyu kisichofika nusu, cha maji yenye wekundu. Akashusha mkono tena. Ilipanda kata moja ya tope zito, na baada yake mchanga.

Ndipo alipoelewa alichoahidi. Hakukuwa na maji mengine. Akiinywa kata ile, mtoto hana kitu. Asipoinywa, yeye ni mchawi.

"Kunywa," akasema Mbeleje, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Yudithi akaipeleka kata kinywani. Tope likamchirizika kidevuni. Akameza funda moja, mchanga ukimkwaruza koo, akafungua kinywa chake kikavu wote waone. Kisha akausimamisha mtungi wake, akavua kitambaa cha kichwa, akakitandaza juu ya mdomo wake, akaanza kulichuja tope lililosalia, tone kwa tone.

Madeje akachuchumaa mbele yake, akakiondoa kile kitambaa.

"Acha, mama. Mtoto hanywi tope." Akayamimina mtungini yale maji yasiyofika nusu ya kibuyu aliyopewa. "Mimi nimezoea kungoja. Na huyu Mungu wako leo nimemwona, ingawa amechelewa kidogo."

Wakati huo Mbeleje alikuwa amekwisha simama. Aliujia ule mtungi na wake uliojazwa wa kwanza, akamwaga kiasi, akamwaga na katika kibuyu cha Madeje. Hakumwangalia mtu usoni. Nyuma yake wakaja wengine.

Mvua ilinyesha baada ya siku kumi na mbili. Katika siku hizo kisima hakikuongeza hata kata moja, wala mimi siwaambii kwamba palikuwa na muujiza. Watu walijaza kidogo pungufu ya ukingo, kwa kuwa sasa walijua nyuma yao kuna mtu, na tena nyuma ya huyo kuna aliyeshika kata. Baraza likaibadili desturi. Wazee kadhaa walipinga, wakasema onjo la mwisho haliwezi kuwakinga watu na sumu. Madeje ndiye aliyewajibu, ingawa hakuna aliyempa nafasi ya kusema: "Akinywa kwanza tunajua maji hayana sumu. Akinywa mwisho tunajua na moyo wake hauna."

Mlicheka jana, lakini mwenyekiti hakucheka, kwa kuwa bomba lake hutoa maji usiku na mchana wakati mitaa ya chini inakauka, na anajua ni nani aliyemwambia. Bibi yule mwenye fimbo anaitwa Keziya. Alikuwa na miaka minne alipoletewa maji ya Madeje, naye ana haki kuliko sisi sote ya kusema: mshika kata hunywa mwisho.