Nia ya Mama Mgonjwa

Ndugu zangu, leo nina hasira, wala sitaificha. Sikilizeni.

Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyepooza, hawezi hata kujigeuza kitandani. Siku moja jumuiya ya waumini wa mtaa wake ikaenda kusali kwake. Wamevaa sare, wamejaa mpaka mlangoni. Mwenyekiti kasimama karibu na kitanda, anaeleza jinsi ya kuwa mkubwa mbele za Mungu. Anaeleza weee! Mgonjwa midomo imemkauka, nani ana habari naye?

Katikati ya sala akaingia jirani, mwanamke muuza maandazi, kashika bakuli la uji.

“Ssss! Tunasali!”

“Salini tu, jamani. Mimi namlisha huyu. Tangu asubuhi hajatia kitu tumboni, na uji ukipoa haumpiti kooni.”

Mwenyekiti akamkazia macho. “Wewe kwenye jumuiya huonekani, leo ndiyo unakuja kutuvurugia sala?”

“Baba, saa zenu za jumuiya ndizo saa zangu za kumwogesha.”

“Toka nje!”

Akatoka na bakuli lake. Hebu niambieni, katika watu wote wale hakuna aliyeona aibu? Hakuna! Wakapandisha wimbo, tena kwa sauti nne.

Ukafika wakati wa nia, kila mtu kutaja ombi lake na wengine kuitikia. Mwenyekiti akainama, sauti imelegea kwa upole: “Mama, nawe toa nia yako tukuombee.”

Mama akajikaza. “Naomba mmalize upesi, yule mwenzangu arudi.”

Nao, kwa mazoea, wakaitikia wote kwa pamoja: “Ee Bwana, twakuomba utusikie!”

Mnacheka? Mnacheka nini? Wale ni sisi! Sisi tunaogombania viti vya mbele, ambao jina lisipotajwa kwenye matangazo tunanuna wiki nzima. Bwana wetu alipiga magoti akaosha miguu ya watu, ina vumbi na jasho. Sisi kumfulia mgonjwa shuka moja tunaona kinyaa, halafu tunataka kuitwa wakubwa wa imani! Ukubwa gani huo, jamani?

Basi leo msije kunishika mkono mlangoni na kuniambia nimehubiri vizuri. Sitaki. Kila jumuiya hapa ina mgonjwa wake, mnamjua. Nendeni mkamlishe, mkamwogeshe, mkamfulie. Mkishamaliza, muulizeni kama anataka mumwimbie.