Furu na Jiwe la Katikati

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo sauti gani? Mmekula ugali au mmekula usingizi? Nasema paukwa!

Pakawa!

Haya, afadhali. Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa na midomo ya kusema na binadamu walipokuwa na masikio ya kuwasikia, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nyamizi. Uani kwake alijenga hodhi la mawe, akalijaza maji ya mto, akapanda magugu maji, akaweka jiwe moja kubwa katikati. Kisha akatia samaki: Furu mwenye rangi za kujivunia, Perege mpole wa kuapiwa, na Dagaa saba ndugu wa tumbo moja.

Nyamizi alikuwa msafi, jamani! Msafi hadi kero. Kila Ijumaa alipiga magoti akang'oa magugu yote, hata aliyoyapanda mwenyewe, ili wageni wakija waone samaki wote kwa mara moja. Wageni walisema, "Nyamizi, maji yako kama hayapo!" Naye alivimba kichwa.

Basi Furu akakaa juu ya jiwe la katikati. Akatazama huku, akatazama kule, akatazama nyuma. Hodhi zima analiona. Akasema, "Jiwe langu, maji yangu, ondokeni!"

"Tuondoke twende wapi?" akauliza Perege. "Ukutani?"

Furu alijibu kwa meno. Alimng'ata Perege mkia, akawafuata Dagaa, akawararua mapezi. Siku ya kwanza alikufa Dagaa mmoja, na kabla mwezi haujaisha walikuwa wamekufa wanne. Nyamizi aliwaokota wakielea, akashika kiuno.

"Samaki gani nyinyi! Nimewapa maji, nimewapa chakula, mnanipa maiti! Sasa sikilizeni. Nikiokota wa tano, nawakaanga wote, mgomvi na asiye mgomvi."

Dagaa watatu waliobaki wakajibanza ukutani. Fikirini wenyewe: wang'atwe, wafe, halafu kosa liwe la wote!

Kwanza, Nyamizi alidhani Furu ana njaa. Akamlisha asubuhi, akamlisha mchana, akamlisha jioni. Lo! Si mnajua shibe mwana malevya? Furu alinenepa, akapata nguvu mpya. "Jiwe langu, maji yangu, ondokeni!" Nyamizi akashika kiuno. "Samaki gani nyinyi!"

Pili, akajiambia, "Mwanamume mkorofi akioa hutulia." Nani alimdanganya hivyo, mimi sijui, na ningemjua ningemtafuta. Akamletea Furu mke kutoka mtoni. Siku mbili zilikuwa za fungate. Siku ya tatu Furu akamgeukia mkewe: "Jiwe langu, maji yangu, ondoka!" Bibi harusi akarudishwa kwao na nusu ya mkia. Nyamizi akashika kiuno. "Samaki gani nyinyi!"

Tatu, akamtoa Furu, akamtia mtungini peke yake. Dagaa wakashangilia. Perege naye akashangilia, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Asubuhi yake nani yuko juu ya jiwe? Perege! Yule mpole! Ametazama huku, ametazama kule, ametazama nyuma. "Jiwe langu, maji yangu, ondokeni!" Akamrukia Dagaa mdogo, akamtoa kipande cha pezi.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Safari hii Nyamizi hakushika kiuno. Alishika kikaango, hata maiti ya tano hakuingoja. Akawasha moto, akamimina mafuta, akaja hodhini na kitunga.

Dagaa mdogo akapanda juu ya maji, anaogelea upande upande kwa lile pezi bovu. "Mama Nyamizi, nina neno."

"Sema upesi, mafuta yanachemka."

"Mgeni akija kwako, hufanya nini?"

"Hupiga hodi. Swali gani hilo?"

"Na kama nyumba yako haina ukuta wala mlango, atapiga hodi wapi?"

Nyamizi akaweka kitunga chini.

"Kila Ijumaa unang'oa magugu ili wageni wako watuone," akasema Dagaa. "Wageni wanatuona, na Furu anatuona. Umempa jiwe la kutuchungulia, umetunyima jani la kujifichia. Ukikaa pale juu unaona maji yote ni yako. Hata mimi ningekaa pale, mama, ningeng'ata."

"Mimi!" Nyamizi akafoka. "Mimi ninayepiga magoti hadi mgongo unakakamaa, mimi ndiye mkosaji?" Iliuma, msidhani haikuuma. Usafi ndio uliokuwa sifa yake mtaani. Lakini aliangalia lile pezi, akarudi jikoni, akaepua kikaango.

Akawahamishia samaki waliobaki mitungini. Akachukua nyundo, akalivunja lile jiwe vipande vipande, akavitawanya pembeni. Akapanda magugu kila mahali. Ijumaa ikafika, mikono ikamwasha, hakung'oa. Ijumaa ya pili, hakung'oa. Ijumaa ya tatu, hodhi limekuwa msitu. Akawatia Dagaa kwanza, kisha Perege, na Furu akawa wa mwisho.

Furu akaanza, "Jiwe langu, maji ya..." Jiwe liko wapi? Akatazama huku, jani. Akatazama kule, jani. Akatazama nyuma, jani. Akazunguka, akazunguka, hadi akasikia Dagaa wananong'ona nyuma ya gugu moja. Akasimama. Akakohoa.

"Hodi," akasema. Mara ya kwanza maishani mwake.

"Nani?"

"Furu. Natafuta mahali."

"Hapa pamejaa. Jaribu nyuma ya jani lile pana."

Akaenda. Na hodhini hakuelea maiti tena.

Ijumaa iliyofuata wageni wakaja, wakainama juu ya hodhi, wakaona majani matupu. "Nyamizi! Samaki wako wako wapi?"

"Wamo ndani."

"Mbona hatuwaoni?"

"Wako majumbani kwao," akasema Nyamizi. "Mkiwataka, pigeni hodi kama watu wengine."

Hadithi yangu imeishia hapo, na koo limenikauka.