Chekeche la Kupanda Mlima

Siku ile kwenye benchi la zahanati walikuwepo watu watano: Mzee Singano, Hidaya mke wa mwanawe, Mzee Kihiyo rafiki yake wa tangu utoto, Bi Mbelwa anayekaa juu mlimani, na Nesi Perpetua mwenye kipimo cha presha.

Nesi alisoma kipimo mara mbili.

"Mzee Singano, presha iko juu sana. Moyo unachoka. Umeze dawa kila siku, upunguze chumvi na mafuta, na utembee. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi."

"Nitembee kwenda wapi?"

"Popote, baba. Kutembea tu."

Kihiyo alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mtu mzima atembee bure kama mbuzi aliyekata kamba? Watasema Singano kafukuzwa na mkwewe!"

Watu walicheka, na Singano akacheka pia. Hidaya peke yake hakucheka. Mwaka juzi kaka yake Singano alianguka shambani kwa presha hiyohiyo, na hakuamka.

Kule kwao mtu hatembei bila shughuli. Ukionekana njiani mikono mitupu utaulizwa mara tano unakwenda wapi, na ukijibu "Natembea tu," watu watatazamana. Singano alijaribu siku mbili. Siku ya tatu alibaki barazani, akasema magoti yanauma.

Hidaya alikuwa na mtoto mgongoni na maneno machache. Chumvi aliipunguza kwenye chungu cha nyumba nzima, ili mzee asile chakula cha peke yake. Lakini kutembea, hilo hakuweza kumpikia. Asubuhi ya nne alipiga magoti kumsalimu, mkononi ana chekeche la unga.

"Shikamoo, baba. Naomba unisaidie. Chekeche la Bi Mbelwa limetoboka, tunatumia hili langu wote wawili. Umpelekee achekeche unga wake, kisha unirudishie nami nipike uji."

"Mpaka kule juu?"

"Ningekwenda mwenyewe, baba, ila mtoto ana mafua."

Singano akachukua fimbo. Njiani Kihiyo akapaza sauti: "Wapi tena?"

"Napeleka chekeche!" alijibu, kifua mbele.

Kihiyo akampisha njia. Mwenye kazi yake hachekwi.

Ikawa hivyo kila siku. Bi Mbelwa alimwekea kigoda penye jua, akampa chai isiyo na sukari, kisha akachekecha unga taratibu mpaka pumzi ya mzee itulie. Mtoto alipona mafua. Chekeche likaendelea kusafiri.

Baada ya miezi mitatu walikutana tena zahanati, watu walewale. Nesi alipima, akapima tena, akatabasamu.

"Imeshuka, baba! Dawa usiache. Lakini umewezaje kutembea kila siku?"

Hidaya aliinamisha uso. Aliogopa kwamba mzee akijua alidanganywa kama mtoto, atarudi kukaa barazani, na moyo wake utarudi kulekule.

"Nilikuwa napeleka chekeche," alisema Singano. "Wiki ya pili nilinyeshewa, Bi Mbelwa akaniingiza jikoni nikaukie. Ukutani nikaona machekeche matatu yananing'inia. Moja jipya kabisa."

Bi Mbelwa akajifunika uso kwa kanga.

"Ulijua, baba?" Hidaya alinong'ona. "Mbona hukuacha?"

"Mwanangu, watu wawili wanahangaika niishi, tena bila kuniaibisha, halafu mimi nikae barazani kusubiri kufa? Niambie tu, kesho linakwenda saa ngapi?"

Kihiyo safari hii hakucheka. Naye alipopimwa, presha yake ilikuwa imepanda. Alivua kofia yake taratibu, akauliza kwa sauti ndogo: "Bi Mbelwa, kwani wewe sufuria hupungukiwi?"

Tangu wiki ile wazee wawili hupanda mlima kila asubuhi, mmoja na chekeche, mwingine na sufuria tupu.

Funzo: Kumwambia mgonjwa abadilike ni rahisi, upendo ni kumtafutia njia ambayo ataipita bila aibu, na kula naye chakula kilekile.