Pimbi na Kiboko Aliyeshika Mlango wa Kinanda

— Nifungue nisifungue?
— Fungua!
— Nikifungua mtaingiaje?
— Kwa zamu!

Kwa zamu? Nyie? Haya, tutaona. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna kimyakimya, nisije nikaipotezea njia hadithi yangu.

Hapo kale, si kale sana, maana umeme wa jua ulikuwepo, wanyama wa mtoni walikuwa na studio pangoni. Studio yenyewe kompyuta moja, kinanda kimoja na waya mmoja wa kuviunganisha. Kinanda kikipigwa, sauti zinaingia kwenye kompyuta kwa mlango mmoja tu. Programu ya muziki ikifunguliwa kwanza, ndiyo inayoushika mlango. Ya pili ikija, kompyuta inalia: "Tiii! Mlango una mtu!"

Sasa Kiboko, na tumbo lake lile, akawa anawahi kila alfajiri. Anafungua programu yake ya ngoma, kashika mlango. Anakula majani, kashika mlango. Anakoroma, khorrr, kashika mlango!

Pimbi, kale kamnyama kadogo ka kwenye mawe, alikuwa na shida ya kweli. Dada yake Mashavu anaolewa Jumamosi, na kwa mapimbi bibi harusi hatoki ndani mpaka upigwe wimbo mpya ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Hakuna wimbo, hakuna kutoka. Bwana harusi atasimama nje, achoke, aende zake.

"Kaka Kiboko, funga yako kidogo tu, nirekodi wimbo wa dada."
"Aka! Nikifunga mimi, utaingia wewe."
"Wimbo mmoja tu, kaka!"
"Nikifunga mimi, utaingia wewe!"

Pimbi akaenda nyuma ya jiwe, akalia. Kisha akapangusa pua, akarudi anacheka.

"Ila kaka, nakuonea huruma. Mkubwa mzima unapita mlango aliopita hata chura! Ungekuwa na wako, wenye jina lako!"
Masikio ya Kiboko yakasimama, pe! "Wenye jina langu?"
"Kwa herufi kubwa! Funga basi, nikutengenezee."

Kla! Kiboko akafunga. Lo, sifa hizi jamani! Hapo hapo Pimbi akafungua kiprogramu chake, jina lake Mgawaji. Mgawaji akaushika mlango wa kweli, pwa! Kisha kwa ndani akatoa vilango viwili. Kila sauti inayoingia, Mgawaji anaipeleka huku na huku. Kilango cha kwanza Pimbi akakiandika KIBOKO PEKE YAKE. Cha pili akakiita vumbi. Nani atahangaika na vumbi?

Kiboko akachagua chake, akagonga kinanda. Bum! Bum! "Peke yangu!" Kumbe kila akigonga, mlio ule ule unapita na kwenye vumbi, unaingia kwenye programu ya Pimbi, na huko unatoka kwa sauti ya zeze. Ting! Ting! Pimbi kavaa hedifoni, anarekodi.

"Kaka, ukigonga kule juu unapendeza!"
Bum! Ting!
"Sasa taratibu, kama mheshimiwa anavyotembea."
Bum, bum. Ting, ting.
"Hapo hapo kaka, rudia!"
Kiboko akarudia, jasho linamtiririka, meno yote nje.

Jumamosi spika zikaanza: ting, ting, titi ting! Mlango ukafunguka, Mashavu huyo, uso unang'aa. Vigelegele! Pimbi akalia tena, safari hii kwa furaha. Kiboko naye akacheza mpaka ardhi ikatetema, kisha akamvuta Pimbi pembeni.

"Pimbi, huyu mpiga zeze ni nani? Fundi kweli!"
"Ni mchoyo mmoja, kaka."
"Mchoyo, na kipaji chote hiki? Mlete studio. Huyo nitampisha."
"Usihangaike, kaka. Huyo hajawahi kutoka humo."

Funzo sasa, sikilizeni vizuri. Ukiwahi kitu, kishike, usimwachie mtu! Kiboko angekuwa mkarimu, Mashavu angetoka kwa wimbo wa nani?

— Nimefunga!
— Tumetoka!
— Kwa zamu?
— Aa wapi!

Nilijua. Na wewe wa muwa, mbona unauficha? Lete kipande huku.