Kwa Nini Tangawizi Ina Vidole

Punguzeni moto kidogo, maji yasikauke. Na wewe Namsifu, usiivunje kwanza hiyo tangawizi. Umeniuliza kwa nini ina vidole, na mtoto anayemtengenezea mdogo wake Elineema dawa hajibiwi kwa mkato. Nitawaambia kama nilivyoambiwa na bibi yangu kwenye jiko hilihili. Hayamo katika Biblia, kwa hiyo msije mkamsumbua mchungaji Jumapili.

Hapo kale, milima yetu hii ya Upare ilipokuwa bado michanga, Tangawizi alikuwa mviringo na laini kama kitunguu. Mungu alipoigawia mimea kazi, Mwarobaini alipewa homa, Mchaichai akapewa matumbo yanayonguruma, na Tangawizi akapewa kifua. Kazi yake aliipenda. Watu ndio aliowaogopa. Walimjia na miti iliyochongwa ncha, wakamtoboa ubavu, wakabeba ukoo wake mzima bila kubakiza hata mbegu. Basi akawa akisikia vishindo tu, anazama. Ukimgusa, huyoo, kateleza chini zaidi.

Siku hizo dawa ilikuwa mambo ya wakubwa. Mtoto akisogelea chungu alifukuzwa kama kuku kwenye mtama.

Palikuwa na msichana aliyeitwa Nanzia, na mdogo wake Kadeghe, mtoto wa kuchekacheka hata akianguka. Ukungu ulipoteremka mwaka ule, Kadeghe akashikwa na kifua. Alikohoa mpaka kicheko kikamwisha, akawa anapumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Baba, mama na majirani wakatoka na miti yao, wakachimbua mteremko mzima. Kadiri walivyochimba ndivyo Tangawizi alivyozama. Nanzia aliachiwa amri moja tu: amshike mkono mdogo wake, asiguse kitu kingine.

Akamshika. Kadeghe alipobanwa alimfinya dada yake vidole, alipopata pumzi alivilegeza. Ikafika saa asifinye tena. Hata mimi nikifika hapa moyo hunishtuka, na hadithi hii nimeisimulia mpaka meno yamenitoka.

Nanzia alimfunika mdogo wake vizuri, akakimbia ukingoni mwa kijito, nyuma tu ya nyumba, palipoota majani ya tangawizi. Mti wa kuchimbia hakuwa nao. Nani angempa mtoto? Akaingiza mkono udongoni mpaka kiwiko, akasikia kitu laini kinamkwepa. Hakukinyakua. Alikunjua kiganja, akakiacha wazi mle mle ardhini.

"Sikuvuti," alisema. "Nishike wewe. Mdogo wangu hanifinyi tena. Ukija, nitakurudishia kipande chako hapahapa, na Mungu ananisikia."

Kisha akangoja, na kungoja ndiko kulikokuwa kugumu.

Tangawizi alikuwa hajawahi kuombwa. Alikigusa kile kiganja kidogo, cha baridi, na huruma ikampanda mpaka akapata joto mwili mzima. Alitaka kumshika yule mtoto, lakini angemshika kwa kitu gani, naye ni mviringo? Akajikamua, akatoa kidole. Kikatoka kifupi. Akatoa cha pili, kikapinda. Hakuwa fundi wa vidole, mnaona wenyewe, vingine vimeota juu ya vingine. Lakini alishika.

Mama aliporudi mikono mitupu, alimkuta Nanzia mbele ya meko, tope mpaka kiwiko. Akafungua kinywa amkaripie. Kisha akaona lililokuwa kiganjani mwa binti yake, vidole ndani ya vidole.

"Menya, mwanangu," alisema taratibu. "Mimi nitachochea moto."

Wakaponda, wakachemsha, wakaomba. Kadeghe akanyweshwa kidogokidogo, na Nanzia hakumwachia mkono. Walikaa hivyo mpaka jasho likamtoka mtoto na kikohozi kikalegea. Ghafla Nanzia akalia kwa sauti, mama yake akadhani mambo yameharibika.

"Kanifinya!" alisema. "Mama, kanifinya!"

Kabla hajanawa lile tope alirudi kijitoni na kidole kimoja cha tangawizi, akakifukia alipoahidi.

Na tangu siku hiyo tangawizi ina vidole, na ukiitafuna inakuchoma kwa lile joto la huruma. Haizami tena, mwenye vidole atatelezaje? Na katika ukoo wetu mtoto hafukuzwi chunguni. Yeye ndiye anayemenya, mkubwa anachunga moto, na kidole kimoja hurudi shambani. Kifua kisipolegea tutakwenda zahanati, maana tangawizi haijawahi kugombana na daktari.

Haya Namsifu, vunja sasa, uanze na kile cha kurudisha. Tukishaomba utampelekea Elineema kikombe. Mkono mmoja umnyweshe, wa pili umshike. Akikufinya, uje uniambie.